Kazi ya Mungu na Machozi ya Mama Robert



Wengi wenu mmesikia habari za David Livingstone. Huenda wengine mmefika Bagamoyo na kuelezwa jinsi mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivyoipokea maiti yake mwaka 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuibeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Livingstone hakuwa Mkatoliki, lakini nyumba yake ina fundisho kwetu. Ni mara chache tunauliza: mkewe alikuwa wapi?

Mkewe aliitwa Mary Moffat. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1821, binti wa wamisionari wa Kuruman, akakua akisema Kitswana kama wenyeji. Walioana Januari 1845. Mwaka uliofuata wakamzaa Robert, na tangu hapo watu wakamwita MaRobert, kama sisi tunavyosema Mama Robert.

Msidhani maisha yao yalikuwa mahubiri na sala tu. Huko Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana, mume alijenga nyumba, alitibu wagonjwa, alilima na kutengeneza vyombo vilivyovunjika. Mke alioka mkate, alitengeneza mishumaa na sabuni, alishona nguo, kisha alifundisha watoto wa kijiji kusoma. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba katika kazi ya namna hiyo mume lazima awe fundi wa kila kitu nje, na mke mtumishi wa kila kitu ndani. Mpaka hapo walikuwa wakivuta jembe moja.

Taabu ilianza mume alipotaka kwenda mbali zaidi, kaskazini. Mwaka 1850 alisafiri na familia nzima kwa gari la ng'ombe hadi Ziwa Ngami. Mary alikuwa mja mzito, na watoto walishikwa na homa njiani. Waliporudi, Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, ambaye alikufa baada ya wiki chache tu. Mama mwenyewe alipooza upande mmoja wa uso kwa muda.

Mwaka uliofuata Livingstone aliamua kwenda tena, na Mary alikuwa na mimba nyingine. Mama mkwe aliposikia, alimwandikia barua kali, akimwuliza kama hakutosheka na mtoto mmoja aliyezikwa. Nasi tunajua barua ya mama mkwe ina uzito gani! Lakini walikwenda. Njiani walikosa maji kwa siku kadhaa, watoto wakilia kwa kiu. Livingstone aliandika baadaye kwamba mkewe hakutamka neno hata moja la lawama. Machozi tu ndiyo yaliyoonyesha uchungu wake.

Hapo nawaomba msimame kidogo. Mume aliona machozi, akaheshimu kimya kile, akakisifu hata kitabuni. Lakini kimya cha mke si kibali. Waume wengi Wakatoliki tumekosea hapo hapo. Tunasema, "Mke wangu hana neno, ananiunga mkono," kumbe tangu siku tulipochaguliwa hatujawahi kumwuliza. Katika semina moja ya wanandoa nilimsikia mama akisema kwamba mumewe ni mwenyekiti wa kila kitu isipokuwa nyumba yake. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Aprili 1852 Livingstone aliwapandisha Mary na watoto wanne meli huko Cape Town, waende Uingereza, nchi ambayo watoto hawakuijua. Tusimhukumu upesi: alihofia homa, na alitegemea kuwa watatengana kwa miaka miwili. Ikawa minne na nusu. Yeye alivuka Afrika kutoka Luanda hadi Quelimane, akawa mtu mashuhuri. Mary alihama kutoka nyumba hadi nyumba, fedha zikiwa haba, akashindwa kuelewana na wakwe zake wa Scotland. Walioandika maisha yake wanasema alianza kutafuta faraja katika pombe, na imani yake ikatikisika. Hakuwa mke mbaya. Alikuwa mmisionari aliyenyang'anywa kazi yake na mumewe kwa siku moja.

Mwaka 1858 walisafiri tena pamoja kuelekea mto Zambezi. Meli ndogo ya kupanda mto ilipewa jina la Ma Robert kwa heshima yake. Lakini Mary alikuwa mja mzito, hivyo alibaki Cape Town. Meli yenye jina lake ikaenda bila yeye. Alimfikia mumewe mwanzoni mwa mwaka 1862. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Aprili, homa ikamwua huko Shupanga, Msumbiji, akazikwa chini ya mbuyu. Livingstone alilia kama mtoto. Robert, yule mtoto wa kwanza, alikufa mwaka 1864 akiwa mfungwa wa vita huko Marekani, akitumia jina lisilo lake. Baba yake alikiri kwamba jioni za Kolobeng alikuwa amechoka mno kucheza na watoto wake, na alipozinduka hakukuwa tena na wa kucheza naye.

Je, basi watu wa ndoa wasiitikie kazi ya Mungu? La hasha. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, aliwataja Akula na Prisila kuwa mfano wa wanandoa wamisionari. Someni Matendo ya Mitume sura ya 18. Walifukuzwa Roma, wakashona mahema Korintho, wakahamia Efeso, na huko wakamfundisha Apolo wote wawili. Katika Maandiko hutamkuta mmoja akitajwa bila mwenzake.

Kanisa pia lina busara yake. Sheria ya mwaka 1983 inasema kwamba mwanamume mwenye mke hawezi kukubaliwa kuwa shemasi wa kudumu bila idhini ya mkewe. Hata wito mtakatifu kama huo, askofu anasubiri neno la mke! Sembuse uenyekiti wa jumuiya, kwaya, au kazi ya mbali ya kutafuta karo? Na akina mama, hili linawahusu ninyi pia, mnaotoka chamani Jumapili saa kumi na mbili jioni na kumkuta baba na watoto na chai baridi.

Basi leo, watoto wakishalala, zimeni redio na mkae pamoja. Kila mmoja amwulize mwenzake: "Ni kazi gani yangu ambayo wewe unailipia bila kuniambia?" Anayesikiliza asijitetee mpaka mwenzake amalize, hata kama ni nusu saa. Kisha chukueni kalenda ya parokia, na kabla ya mikutano mingine yote, andikeni humo jioni moja ya kila wiki ambayo ni ya nyumbani.