Je, Samaki wa Mkono wa Bahari Wanapungua?

Mahindi yakikosa mvua, mkulima wa Mwakirunge hutazama upande wa bahari. Wengi wenu mna jembe na wavu pia, na samaki wa mkono wa bahari wa Mtwapa husaidia kulipa karo. Basi yafaa mjue kuwahesabu kama mnavyohesabu magunia ghalani.

Uzito wa samaki wote walioletwa pwani hautoshi, na mara nyingi hudanganya. Tuseme mwaka jana mitumbwi 4 ilileta kilo 40 kwa siku, na mwaka huu mitumbwi 10 inaleta kilo 60. Mchuuzi atasema samaki wameongezeka. Gawanyeni: mwaka jana kila mtumbwi ulipata kilo 10, sasa 6. Jasho limezidi, pato la kila mvuvi limeshuka.

Wekeni daftari. Kila siku ya kuvua andikeni idadi ya mitumbwi, saa walizokaa majini, kilo walizopata, na kama walitumia jarife, mshipi au lema. Linganisheni kaskazi na kaskazi, bamvua na bamvua. Anayelinganisha kaskazi na kusi hupoteza wino bure.

Kisha pimeni urefu. Pigilieni rula juu ya ubao, mpime samaki wa aina moja, kama tafi, bila kuwachagua wakubwa. Wachache wapasueni muone mayai. Fanyeni hivyo miezi yote, kwa maana samaki hatagi kila siku kama kuku. Mkishajua urefu wa wenye mayai, tazameni wangapi kikapuni ni wafupi kuliko hao.

Lakini msishtuke kuona wadogo wengi majini. Samaki wa aina nyingi hulelewa mikokoni, wakikua hutoka nje kwenye miamba. Ubaya ni kuwavua kabla hawajatoka. Ndiyo sababu juya lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001: hufagia wakubwa na vifaranga pamoja.

Daftari la mwezi mmoja halisemi kitu. Mkiona kaskazi mbili au tatu mfululizo kilo za kila mtumbwi zinashuka na samaki wanazidi kuwa wafupi, lipelekeni kwa kamati ya BMU na kwa Afisa wa Uvuvi. Hapo mtaweza kuamua juu ya matundu ya nyavu na idadi ya mitumbwi kwa hesabu, si kwa kelele. Kazi ya kuandika mpeni kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, asiye na mtumbwi wake mwenyewe.