Deni na kibali cha siri za serikali

Swali: Mimi ni Mkenya niliyepata uraia wa Marekani, nimo jeshini. Nina deni la hospitali na la kadi ya mkopo. Nitanyimwa kibali?

Jibu: Si lazima. Hakuna kiwango cha dola kinachokufungia mlango. Mwongozo F, unaohusu hali ya kifedha ya mwombaji kibali, katika toleo linalotumika tangu 2017, huwataka waamuzi watazame deni lilitokana na nini na umelishughulikiaje. Ugonjwa, talaka au kuachishwa kazi hueleweka. Kamari ni shida. Kwenye fomu ya maombi ya kibali, SF-86, taja kila deni lililochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7, hata ulilokwisha kulipa. Kulificha ni kosa zito kuliko deni lenyewe. Mpigie mdai wako leo, mpatane hata dola 50 kwa mwezi, na utunze kila stakabadhi.