Picha ya Meno Yaweza Kuonyesha Hali ya Mifupa

Mama wa miaka 60 anaenda kung'olewa jino. Daktari anaagiza picha ya eksirei ya taya zote mbili, jino linang'olewa, kisha picha inatiwa kwenye bahasha na kusahaulika kabatini. Huenda picha hiyo ilikuwa na habari kuhusu nyonga yake, na hakuna aliyeisoma.

Osteoporosisi ni ugonjwa unaofanya mifupa kuwa myepesi na dhaifu. Hauna maumivu, na wengi huutambua siku mfupa unapovunjika kwa kuteleza tu bafuni. Wanawake wamo hatarini zaidi baada ya kukoma hedhi, kwani homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hupungua. Kwa nyanya aliye Hulugho au Balambala, nyonga iliyovunjika ni safari ndefu ya barabara mbovu kabla ya kumwona daktari wa upasuaji, na wazee wengi hawatembei tena bila msaada.

Taya inaingiaje hapa? Ukingo wa chini wa taya la chini una gamba gumu la mfupa. Kwa mwenye mifupa imara, gamba hilo ni nene na upande wake wa ndani umenyooka. Mifupa inapodhoofika, gamba hukonda na kuwa kama limeliwa na mchwa. Daktari hulipima karibu na kidevu. Likiwa chini ya milimita 3, kuna sababu ya kumtuma mama huyo akapimwe zaidi. Utafiti wa Ulaya uitwao OSTEODENT, uliohusisha zaidi ya wanawake 600 wa umri wa miaka 45 hadi 70, ulionyesha kwamba dalili hii husaidia kuwatambua walio hatarini.

Nilipoanza kuandaa makala haya nilidhani picha yoyote ya meno inatosha. Sivyo. Ile ndogo ya jino moja au mawili kwa kawaida haionyeshi ukingo wa taya. Inahitajika ile kubwa ya kinywa chote. Wala usiombe kupigwa eksirei ya meno kwa ajili ya mifupa pekee. Na gamba jembamba halithibitishi ugonjwa. Kipimo chenyewe ni DEXA, ambacho hupatikana katika hospitali chache nchini, nyingi zikiwa Nairobi. Ndiyo maana ni muhimu kujua nani hasa anahitaji kufunga safari hiyo.

Basi tunza picha yako. Ukirudi kwa daktari wa meno, muulize: "Daktari, gamba la taya langu likoje?" Mweleze pia kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, kama mama yako alivunjika nyonga, au kama umetumia dawa za steroidi kwa miezi mingi.

Maziwa, ya ngamia yakiwemo, yana kalisiamu. Jua tunalo tele Garissa, lakini katika nchi za Ghuba, zenye jua kama letu, tafiti zimekuta wanawake wengi wana upungufu wa vitamini D. Mama anayejisitiri anaweza kuota jua mikononi na miguuni akiwa uani kwake, penye faragha.

Kwa aliyekwisha kuanzishiwa dawa za mifupa: mwambie daktari wa meno kabla hajang'oa jino. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kuzuia kidonda cha taya kupona.