Dondoo muhimu: Kitambi chini ya koti

Baridi ya Juni na Julai huko Mbeya na Iringa ina ujanja wake: koti halivuliwi, kitambi kinakua kimya kimya. Ukifika miaka 40 misuli imeshaanza kupungua, lakini mlima wa ugali sahanini uko palepale.

• Pima kiuno, usiuamini mkanda. Wengi wetu tunaufunga chini ya tumbo, kisha tunajisifu kwamba saizi ni ileile ya ujanani. Toa pumzi, zungusha tepu ya fundi cherehani juu kidogo ya kitovu. Kwa mwanaume, sentimita 94 ni onyo. Ukizidi 102, nenda ukapime presha na sukari.

• Shuka kwenye bajaji. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na vilima mnavyo bure. Wa Iringa apande hadi jiwe la Gangilonga. Wa Mbeya azoee kwanza miinuko ya mtaani kabla ya kuota mlima Loleza, wenye mita 2,656. Ukishindwa hata kuongea, punguza mwendo.

• Mara mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu: jembe, ndoo za maji, pushapu.

• Soda ya mililita 350 ina takribani vijiko 9 vya sukari. Bia na ulanzi navyo hunenepesha, hata bila kitimoto pembeni.

• Kifua kikibana ukipanda mlima, usisingizie uzee. Simama, uende hospitali siku hiyohiyo.