Dematomayositisi na ujauzito

Swali: Je, mwanamke mwenye dematomayositisi, anayetumia prednisoloni na methotreksati, anaweza kubeba mimba salama?

Jibu: Dematomayositisi ni ugonjwa adimu ambamo kinga ya mwili hushambulia misuli na ngozi; mapaja na mabega hulegea, na upele hutokea usoni na kwenye viungo vya vidole. Mimba inawezekana, ila ugonjwa uwe umetulia kwanza, kwa takriban miezi 6. Ukiwa umepamba moto, hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa njiti huongezeka.

Methotreksati hudhuru kijusi, hivyo huachwa mwezi 1 hadi 3 kabla ya kushika mimba. Prednisoloni huendelea kwa kipimo kidogo kinachotosha, maana kondo la nyuma huivunja sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto. Anapoitumia, mama hupimwa sukari na shinikizo la damu mara kwa mara. Azathioprini na haidroksiklorokwini nazo hukubalika, na ugonjwa ukilipuka, kingamwili za kutiwa mshipani husaidia.

Kuacha dawa zote kwa hofu ni hatari kubwa. Mabadiliko yapangwe na daktari wa baridi yabisi pamoja na wa uzazi, kabla ya mimba.