Dondoo muhimu: Kukodi muziki au kuumiliki

Mpenzi wa taarabu anayesita baina ya kulipa ijara ya kila mwezi ili asikilize mtandaoni, na kununua nyimbo zikawa milki yake, na ayazingatie haya kabla ya kutoa fedha.

1. Tafuta kwanza waimbaji uwapendao, kwani si kila santuri iliyorekodiwa tangu mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliposafiri Bombay kurekodi mwaka 1928 imeingizwa katika maktaba za huduma za kusikiliza mtandaoni.

2. Usidhani kwamba wimbo uliopakuliwa ndani ya Spotify au Apple Music ni wako: ijara ikikoma nao hufungwa, na Spotify hutaka simu iunganishwe na intaneti walau mara moja kila siku 30, hata kwa aliyekwisha kulipa.

3. Pima bando, kwani sauti ya kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa.

4. Ukitaka fedha imfikie msanii, tazama duka la mtandaoni la Bandcamp, ambalo hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijiti (ada za malipo ni mbali), na uchague faili la FLAC, lisilopoteza sauti, maadamu hilo waweza kuligeuza MP3 wakati wowote, ilhali MP3 hairejeshewi sauti iliyokwisha kupotea.

5. Weka nakala mbili za nyimbo ulizonunua, mahali pawili.

6. Ukikubali majaribio ya bure, andika siku ya mwisho, kwani aghalabu malipo huanza yenyewe.

7. Flashi iliyojazwa nyimbo mtaani ni rahisi, lakini mwimbaji hapati kitu.