Kubadilisha Injini ya Pawatila Kuukuu: Vipimo Vinne vya Kuzingatia Kabla ya Msimu

Mvua za Songea huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Msimu ni mmoja tu kwa mwaka, na shamba la mahindi lililochelewa kulimwa halina nafasi ya pili. Ndiyo maana pawatila inayokufa injini mwezi Oktoba humtia mwenyewe katika haraka: hununua injini ya kwanza anayoiona dukani, mara nyingi kubwa kuliko ile ya awali, akiamini kwamba nguvu ikizidi ni faida. Wiki chache baadaye meno ya giaboksi huvunjika, na chombo husimama shambani katikati ya mvua. Fedha zimekwenda, na msimu umekwenda nazo.

Pawatila zilizagaa nchini hasa kuanzia mwaka 2009, chini ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza. Nyingi za wakati huo bado zina giaboksi na fremu nzima, ingawa injini zimechoka. Chombo cha namna hiyo kinafaa kufufuliwa, ila kwa kufuata vipimo.

Je, injini imekufa kweli?

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha ugonjwa. Moshi mweusi mara nyingi huonyesha chujio la hewa lililoziba, nozeli mbovu au mzigo uliozidi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua ndani ya silinda. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huashiria dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi mweusi pekee hautoshi kuihukumu injini, kwa kuwa chujio na nozeli ni vitu vya kusafisha au kubadilisha.

Kipimo kingine ni kuzungusha flaiwili kwa mkono huku dizeli imefungwa. Injini yenye afya hukataa pale pistoni inapogandamiza hewa. Ikipita kwa ulaini, mgandamizo umepotea. Fundi anaweza kutia kijiko kimoja kidogo cha oili kupitia njia ya hewa, kisha kuzungusha tena. Mgandamizo ukirudi kwa muda, ringi na silinda zimelika. Usiporudi, valvu na gasketi ya kichwa zichunguzwe. Oili isizidi kijiko hicho, kwa sababu ikijaa juu ya pistoni inaweza kupinda konrodi.

Injini za dizeli za silinda moja zinazotumika kwenye pawatila nyingi, kama zile za aina ya S195, zimeundwa ili zifunguliwe na kukarabatiwa. Slivu ya silinda huchomolewa na kuwekwa mpya, pamoja na pistoni, ringi na beringi za konrodi. Kwa hiyo kulika peke yake si sababu ya kutupa injini. Inafaa kubadilishwa pale ambapo bloku imepasuka, kranki imekatika au kuharibika mno, au gharama ya vipuri na ufundi inapita nusu ya bei ya injini mpya inayofaa.

Kipimo cha kwanza: nguvu

Namba ya nguvu ya farasi iliyo kwenye kibao cha injini ya zamani ndiyo mwongozo. S195 hutoa nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Tuseme kikundi cha wakulima kimeiondoa na kufunga yenye nguvu ya farasi 22 kwa mizunguko 2,200. Nguvu ya kusokota inayoingia kwenye mikanda, klachi na giaboksi huongezeka kwa takribani theluthi mbili, ilhali meno ya gia ni yaleyale ya zamani. Jembe likikwama kwenye kisiki, injini ndogo ingezimika. Injini kubwa haizimiki, bali huvunja kilicho dhaifu.

Ni kweli kwamba injini hupoteza nguvu mahali pa juu. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho injini ya dizeli isiyo na tabo hupungukiwa takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Injini ya farasi 12 hufanya kazi kama ya farasi 11 hivi. Upungufu huo ulikuwapo tangu pawatila ilipokuwa mpya, na haitoshi kuwa sababu ya kununua injini inayokaribia mara mbili. Atakayetaka nguvu zaidi aulize kwanza kiwango cha juu kabisa ambacho giaboksi yake iliundwa kukibeba.

Kipimo cha pili: mwendo

Injini ikizunguka kasi kuliko ya awali, puli yake haina budi kuwa ndogo zaidi ili giaboksi ipate mwendo uleule. Hesabu yake ni hii: kipenyo cha puli ya zamani huzidishwa kwa mizunguko ya zamani, kisha jibu hugawanywa kwa mizunguko mipya. Mathalani, puli ya zamani ina milimita 120, injini ya zamani ilizunguka mara 2,000 kwa dakika, na mpya huzunguka mara 2,200. Mia moja na ishirini mara 2,000 ni 240,000. Ikigawanywa kwa 2,200, jibu ni 109. Puli mpya iwe na kipenyo cha karibu milimita 109.

Puli ya zamani ikiachwa, kila kitu kitakwenda kasi zaidi kwa sehemu moja ya kumi. Shambani jambo hilo laweza kuvumilika. Barabarani, pawatila yenye tela lililojaa mahindi ikiteremka mlima, nyongeza hiyo ni hatari, kwa kuwa breki hazikuongezwa.

Kipimo cha tatu: kikao

Kabla ya kwenda dukani, zipimwe nafasi kati ya matundu ya bolti za chini, kimo cha shafti kutoka kwenye kikao, na umbali kutoka kikao hadi mfereji wa mkanda. Vipimo hivyo viandikwe na kubebwa. Tofauti ndogo ya matundu hurekebishwa kwa bamba la chuma lililotobolewa upya. Kutoboa au kuchomelea fremu yenyewe ovyoovyo huidhoofisha.

Baada ya injini kukaa, mifereji ya puli mbili ilingane katika mstari mmoja. Kamba iliyonyooshwa usoni pa puli zote mbili hutosha kupima: iguse kingo zote bila kuacha upenyo. Mikanda isiyo katika mstari hulika upande mmoja na kukatika mapema.

Kipimo cha nne: upande wa kuzunguka

Upande ambao flaiwili huzungukia utazamwe kwenye injini ya zamani na kuwekewa alama ya mshale kwa rangi. Injini inayozunguka kinyume itairudisha nyuma pawatila inapotakiwa kwenda mbele, na kumwangukia anayeishika.

Siku ya kazi

Injini ya aina hii ina uzito unaokaribia kilo 150. Isinyanyuliwe na mtu mmoja au wawili. Itumike winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti imara, na mtu yeyote asipitishe mguu chini yake. Dizeli ifungwe, maji na oili vimwagwe kwenye vyombo, na magurudumu ya pawatila yazuiwe kwa mawe.

Oili chafu isimwagwe ardhini. Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, na vijito vingi vya wilaya hutumiwa na kaya za chini yake. Oili ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko na kukabidhiwa kwa wanaokusanya oili chakavu.

Injini mpya hujazwa oili na maji kabla ya kuwashwa, kwani nyingine hufika dukani zikiwa kavu. Iwashwe mahali pa wazi. Baada ya saa ya kwanza bolti za kikao zikazwe tena. Kwa saa 50 za mwanzo ipewe kazi nyepesi, kisha oili ibadilishwe, kwa kuwa hubeba chembe za chuma cha injini inayojizoeza. Dizeli ya madumu iachwe itulie siku moja au mbili, na ya chini yenye maji na takataka isitumiwe.

Nyaraka na msaada

Mnunuzi adai stakabadhi ya EFD na hati ya waranti. Kwa injini iliyotumika, namba iliyogongwa kwenye bloku isomeke vizuri, na mauziano yaandikwe mbele ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa; namba iliyofutwa ni onyo la mali ya wizi. Chombo kikiwa na kadi ya usajili, mabadiliko ya namba ya injini yapelekwe TRA. Kikundi kinachomiliki pawatila kwa pamoja kiweke uamuzi na gharama katika muhtasari wa kikao.

Mwananchi asiye na uhakika aanze kwa Afisa Kilimo wa Kata yake. Ushauri wa ufundi waweza pia kuombwa katika chuo cha VETA Songea au ofisi ya SIDO Mkoa wa Ruvuma. Wakati mwafaka wa kuuliza ni Julai na Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa na chombo kimepumzika, ili Novemba iikute pawatila tayari shambani.